Maswali 92 kuhusu Wete

Wiki ilopita tumehama nyumba. Si mbali, mitaa mitatu tu, lakini kuhama ni kuhama, unakutana na vitu ulivyokwisha sahau kama unavyo. Mke wangu kavuta mfuko wa plastiki chini kabisa ya kabati, mfuko wa duka ambalo siku hizi hata halipo tena, akanambia, "Baba Nasra, hizi karatasi zako kama huna kazi nazo nazitia kwenye taka." Nikamwambia ngoja kwanza. Nikakaa juu ya boksi la vyombo, nikafungua, na nikabaki hapo hapo mpaka chai ikapoa na mwenye gari kaanza kupiga honi nje.

Ilikuwa intavyuu yangu ya kuomba hifadhi ya ukimbizi Uingereza, ya mwaka 2004. Walopita njia hii wanaijua: ofisa anauliza, mkalimani anatafsiri, ofisa anaandika kwa mkono, na mwisho wewe unatia saini kila ukurasa kwamba ndivo ulivosema, hata kama hujui kilichoandikwa. Kurasa 23, maswali 92. Kwa lugha yetu sisi wabeba maboksi, yaani tunaohangaika ughaibuni, hiyo ndo siku niliyojilipua, ingawa neno hilo mie silipendi sana, maana watu wakilisema wanacheka, kujilipua ni kutunga hadithi, na mie sikutunga. Tusidanganyane, wapo walotunga, wapo Wazanzibari wenzangu wengine walijiita Wasomali kwa sababu waliambiwa ndo njia rahisi, siwahukumu, kila mtu na mlango wake. Lakini mie nilisema nilikotoka na nilichokiona.

Na ndani ya maswali hayo 92, zaidi ya 30 si ya risasi wala siasa wala polisi. Ni ya Wete. Mji wangu. Kwamba soko lipo wapi, ukitoka bandarini unapita nini, skuli yako ilikuwa na rangi gani, mbele ya nyumba yenu kuna nini. Alikuwa anataka kujua kama kweli natoka kwetu.

Basi kwa asojua, Wete ni mji mdogo upande wa magharibi ya Pemba, kaskazini ya Chake. Una bandari, una soko, una yale maflati yalojengwa enzi za Mzee Karume, una barabara moja kubwa inayoshuka mpaka baharini. Ukiwa juu unaiona bahari, na ng'ambo ya maji ndo Mtambwe. Mtu akikwambia anakwenda chini ujue anakwenda bandarini, akikwambia yuko juu basi yuko juu, mambo yamekwisha.

Swali la 22: barabara kuu ya Wete inaitwaje? Yakhe, sisi barabara tunaiita barabara! Nikamjibu haina jina. Na humu kwenye karatasi imeandikwa hivo hivo, haina jina. Ilipokuja barua ya kukataliwa, kurasa nane, kuna aya nzima inasema haielekei mtu alozaliwa na kukulia katika mji ashindwe kutaja jina la barabara kuu ya mji huo. Niliposoma nilicheka kwanza, wallahi, kabla sijafahamu kama hilo ni jambo la kulia.

Swali la 17 ndo linaniuma zaidi, na ni swali dogo tu. Wete inasifika kwa nini? Nikasema karafuu, na halua. Kwenye karatasi pameandikwa karafuu na peremende. Peremende! Mkalimani, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa bara nadhani, Kiswahili chake kizuri lakini cha kule kwao, hakuwa anajua halua ya Wete ni kitu gani. Halua inakorogwa na mwanamme mwenye mikono hasa, karai kubwa juu ya moto wa kuni, wanga na sukari na samli na iliki na zafarani, masaa, mtu kavua shati jasho linamtoka na mwiko mrefu kama kasia, akiacha dakika mbili tu imeshika chini, na sisi watoto tumesimama pale tunangoja tupewe ile ya kukomba. Watu wa Unguja wakija Pemba hawarudi bila halua ya Wete. Halafu barazani na kahawa chungu, unakata kipande kwa kidole, mzee mmoja anasema siasa mwengine anamnyamazisha. Hiyo ndo peremende yangu.

Nataka kueleza ile siku ya risasi ilonitoa kwetu, lakini kwanza vijana wa sasa hivi, hata wa huko huko nyumbani, hawaijui vizuri, kwa hivo nitasema kwa ufupi. Uchaguzi wa Zanzibar ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2000. Unguja ulivurugika, ukarudiwa kwenye majimbo 16 tarehe 5 Novemba, CUF, chama cha upinzani, wakasusia, akatangazwa Amani Karume wa CCM kuwa rais. CUF wakataka uchaguzi urudiwe wote na wakatangaza maandamano ya Jumamosi tarehe 27 Januari 2001, serikali ikayapiga marufuku. Ijumaa yake, tarehe 26, watu wakapigwa risasi mjini Unguja kwenye msikiti wa Mwembetanga baada ya sala, imamu akafa. Kesho yake ikawa zamu ya Pemba: Wete, Micheweni, Chake. Tume ya Mbita ilosimamishwa baadae na serikali ilihesabu wafu 31, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walisema si chini ya 35 na majeruhi zaidi ya 600. Micheweni na askari aliuliwa pia, hilo nalo lisemwe.

Mie nilikuwa na miaka 19. Asubuhi ile sikuandamana. Sisemi hivi kwa kujitakasa, nilikuwa nataka kwenda, ila bibi alinambia wewe leo huendi popote, kuna karafuu. Vuli ile tulikuwa na kidogo tulizochuma shambani kwa ami yangu, zimeanikwa kwenye jamvi mbele ya nyumba, na bibi yuko pembeni kakaa anachambua zilobakia, vidole vyake vyeusi, anatoa makonyo anatia huku, karafuu anatia huku, haangalii hata. Nilikuwa nimekasirika nae. Ikapigwa saa tatu hivi tukaanza kusikia watu, takbira kwa mbali, sauti kama bahari hivi inakuja halafu inarudi. Baadae ikawa milio.

Sasa hapa ndo kitu ambacho nimewaeleza watu watatu tu maishani mwangu. Bibi aliposikia milio hakusema kimbieni. Alisema "Anueni! Anueni karafuu!" Kama anavosema kila siku wingu likitanda. Yaani kwake yeye kitu chochote kinachotoka juu kinanguruma, unaanua. Na sisi tukatii, mie na mdogo wangu na jirani, tumeinama tunakusanya pembe za jamvi, risasi zinapita sijui wapi, mabati yanalia, na sisi tunaanua karafuu, hakuna aliyesema jamani hii si mvua. Ukilelewa na sauti ile mwili unatii wenyewe.

Hatukumaliza. Watu walikuja mbio kutoka njiani, wengine wakapita uani kwetu, na kijana mmoja wa mtaani, tulosoma nae skuli ya Utaani, simtaji, alianguka pale kwenye kizingiti cha nyumba ya pili, kapigwa pajani. Tukamwaga karafuu chini tukamtia yeye kwenye jamvi. Watu wanne, kila mtu na pembe yake. Karafuu zote zile za bibi zikakanyagwa, kwanza na sisi, halafu na mabuti, na zile zilikuwa hazijakauka vizuri, karafuu mbichi ikisagwa inatoa mafuta, basi pale palinuka karafuu na damu pamoja. Yule kijana aliishi. Anachechemea mpaka leo, ana watoto watano. Lakini hakupelekwa hospitali siku ile wala ya pili, kwa sababu watu walikuwa wanasema wanaokwenda na majeraha wanakamatwa, akatibiwa ndani na mama mmoja alokuwa nesi zamani, kwa maji ya chumvi na dua.

Siku zilofuata zilikuwa mbaya kuliko ile, maana ile ilikuwa fujo na hizi zilikuwa utaratibu. Nyumba kwa nyumba. Wanaume wanalala maporini. Sitaki kuandika zaidi, walokuwepo wanajua. Siku ya sita mimi na ami tukaenda kaskazini usiku, tukapanda mashua ya wavuvi pamoja na watu wengine, alfajiri tukafika Shimoni.

Shimoni ni Kenya, ukivuka mkondo wa Pemba tu. Walivuka watu kama 2,000 hivi katika wiki chache zile. Wenyeji walitupokea, sitosahau, ni Waswahili wenzetu, wavuvi wenzetu, wengine ni ndugu kabisa, mama mmoja alinipa uji na shati la mumewe akanambia, "Kula mwanangu, hapa kwenu." Na pale Shimoni kuna lile pango ambalo ndo lilotoa jina la mahali, pango walimofungwa watumwa wakingoja majahazi, watalii hulipa kwenda kulitazama. Mie niliona mdomo wake tu kwa nje. Ami alisema tusiingie, si pazuri, na ami ni mtu asoogopa kitu.

Wengine baadae walipelekwa Dadaab, kambi ya jangwani huko kaskazini mashariki ya Kenya, mtu alozaliwa na bahari miguuni kapelekwa kwenye vumbi. Ami hakukubali. Tukajibanza Mombasa kwa jamaa. Oktoba 2001 CCM na CUF wakatia saini Muafaka, mapatano ya amani, ami akasema basi yamekwisha twende kwetu, akarudi. Mie nikasema ntakuja. Sikwenda. Siwezi kusema nilikuwa naogopa nini hasa, nilikuwa nasikia mlango ukigongwa tu tumbo linakata. Nikafanya kazi gereji, nikatafutiwa njia, 2004 nikaingia Uingereza.

Sasa turudi kwenye karatasi. Swali la 41: maandamano yalianza saa ngapi? Nikajibu saa tatu asubuhi. Wewe unaesoma hapa umeshafahamu, huna haja ya kuelezwa saa tatu ni lini, jua limeshapanda, watoto wako skuli. Humu imeandikwa tatu. Tatu ya kizungu! Mkalimani alichoka, ilikuwa tushakaa masaa manne, kaitupa hivo hivo, tatu, na ofisa kaandika tatu asubuhi, yaani usiku wa manane kabla ya alfajiri. Kisha kwenye swali la 44 nimesema nilikuwa naanua karafuu, na mkalimani kuanua hakulijua, humu imeandikwa nilikuwa "nabeba viungo". Basi barua ilivokuja imepangwa vizuri kabisa: unadai ghasia zilianza saa tisa za usiku, wakati ripoti zote zinaonesha ni mchana, na unadai saa hizo ulikuwa unabeba viungo, jambo ambalo haliaminiki. Kwa Kiingereza kile kweli haliaminiki. Hata mie nisingeniamini.

Na juu ya hayo walisema hata kama ni kweli, sasa kuna Muafaka, nchi imetulia, rudi. Hiyo walikuwa nayo kila mwaka. 2005 uchaguzi mwengine ukaja na virungu vyake, bado nchi imetulia.

Nikakata rufaa nikashindwa. Nikaambiwa niwe nakwenda kusaini ofisi ya uhamiaji kila baada ya wiki mbili. Walowahi kusaini wanajua ule usiku wa kabla, unavaa nguo mbili mbili, unampa rafiki ufunguo wa chumba, unamwambia nisipopiga simu mpaka mchana ujue. Miaka karibu mitano nilisaini na nikarudi. Machi 2009 nimefika dirishani, dada wa pale kila siku ananisalimia, siku hiyo hakunitazama usoni. Nikajua. Wakatoka wawili kwenye mlango wa pembeni, wapole kabisa, wakasema njoo huku kidogo.

Jina la ile sehemu walonifungia silitaji. Ni karibu na uwanja wa ndege, makusudi nadhani, ndege moja inapanda kila dakika chache na kila moja unajiuliza ndo hiyo. Si jela, wanakwambia siku ya kwanza, hapa si jela, ila kuna seng'enge na kuna kuhesabiwa na usiku mlango unafungwa kwa nje. Simu yako wanaichukua kama ina kamera, wanakupa ile ndogo ya tochi. Kuna kazi ukitaka, paundi moja kwa saa, mie nilikuwa nafagia korido na kusafisha microwave, saa mbili kazi unapata kadi ya simu ya kupiga Pemba dakika kadhaa. Watu wa dunia nzima: Wajamaika walokaa Uingereza tangu wakiwa wadogo, Waafghani, Wavietnam, Wanigeria, Wakongo, Wakurdi. Mkongo mmoja tulikuwa tunaongea Kiswahili, yeye chake cha Bukavu mie changu cha Wete, ananambia "weye unasema kama Kurani". Usiku mtu akipewa tiketi, tarehe ya kurudishwa, unasikia kimya kinatoka chumba kimoja kinakwenda chengine.

Uingereza haina kikomo cha siku za kukuweka mle. Hapo ndo watu wengi nikiwaambia hawaamini. Mle ndani walikuwa na msemo, sijui kauanza nani: jela unahesabu siku zinazobaki, hapa unahesabu zilizopita. Mie nilifika 131.

Chumba cha jirani kulikuwa na Mbajuni, mzee wa visiwa vya kusini ya Kismayu, Somalia, mvuvi. Kesi yake ilikuwa ni lugha. Walimpigia simu, mtu asomjua yuko nchi nyengine kamsikiliza dakika kumi na kitu, ripoti ikaja kwamba huyu kwa sauti yake ni wa Kenya. Mzee anasema, "Mie samaki wangu nawauza Mombasa na wake zangu wawili wa Lamu, mlitaka niseme kama nani?" Lugha ya pwani haina mpaka ule wanaoutaka wao, ukianzia Brava mpaka huku chini inabadilika kidogo kidogo kama mchanga wa ufukwe. Mwaka 2014 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikuja kuzikosoa ripoti za namna hiyo kwenye kesi za watu waliosema ni Wasomali, ikasema mtaalamu wa lugha aseme ya lugha, asijitie kuhukumu mtu anaijua nchi au haijui. Mzee alishaondoka zamani. Alipelekwa Kenya? Alitolewa? Sikujua, asubuhi nimeamka kitanda kitupu na sabuni yake bado iko pale.

Kilichonitesa zaidi mle ndani, na hili sikuwahi kulisema, si kufungwa. Ni kwamba Wete ilikuwa imeharibika kichwani. Nilikuwa nikifumba macho nijaribu kwenda kwetu, inakuja kwa maswali. Soko liko wapi. Kulia. Unapita nini. Msikiti. Skuli rangi gani. Nilikuwa naikariri kama mtu anaesubiri mtihani, kwa sababu nilikuwa na hofu wataniuliza tena na nikikosea kidogo ndo basi. Mji mzima umekuwa majibu. Nikimuota bibi hata yeye hasemi kitu, amekaa tu kama ushahidi.

Mwezi wangu wa tatu mle ndani jino likaniuma. Gego la chini. Wiki mbili nimeomba, wananipa panadoli, siku moja nikaitwa kwa daktari wa meno, chumba kidogo, kiti, taa. Nikakaa nikafungua mdomo. Akachanganya dawa yake pale kwenye kigae kidogo, akaileta, na mie ikanipiga puani kabla haijafika. Karafuu. Nilikuwa sijui kama madaktari wa meno wa kizungu wanatumia mafuta ya karafuu, kwetu hiyo ni dawa ya kila nyumba, mafuta ya makonyo kwenye pamba unaziba jino, sikudhani na wao. Basi nikaanza kulia na mdomo wazi. Yule daktari, mama wa Kihindi hivi, akadhani ameniumiza, anasema sori sori, na mie siwezi kumjibu ana mkono wake mdomoni mwangu.

Lakini sikuwa nalia damu ile ya Januari. Ndo ajabu yake. Ilonijia ni Julai ya kwetu. Ilikuja barabara ya msimu, pande zote mbili majamvi yameanikwa mpaka gari inapita kwa hadhari katikati, watoto hawaendi skuli wako mikarafuuni, bibi anapima pishi na mchumaji wanabishana, na jua, na ule unga mwekundu wa udongo kwenye vifundo vya miguu. Hakuna mtu aliyeniuliza. Ilikuja wenyewe. Nikarudi korido nafagia, dawa imeziba jino, kila nikimeza mate ni Wete. Siku mbili nzima. Mkongo ananambia "weye leo umepata tiketi ao umepata mwanamke?"

Julai nikatoka kwa dhamana, watu wawili walisimama, mmoja mpaka leo sijamlipa hisani yake. 2011 wakaja kutoa makaratasi kwa mafaili yale ya zamani, yalikuwa yamelundikana laki nne na zaidi, wakayapitia kwa mkupuo na mie nikapita. Hawakusema tulikosea, wala saa tatu ni saa ngapi. Barua fupi na kadi.

2013 nikaenda nyumbani. Bibi alishafariki 2008, sikumzika. Wete imejengwa, simu kila mkono, wakati huo ilikuwa ile serikali ya umoja na watu walikuwa wanasalimiana, niliona mtu wa CCM na mtu wa CUF wamekaa baraza moja nikapiga picha kama mtalii. Halafu 2015 ikafutwa ile hesabu ya kura, halafu 2020 wiki ya uchaguzi tena risasi Pemba, tena simu hazishiki, nimekaa hapa kwenye sofa usiku mzima napiga nampata mtu wa kampuni anasema namba unayopiga haipatikani. Februari 2021 Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, akazikwa pale Mtambwe. Mdogo wangu alikuwepo, kanitumia video, watu mpaka kwenye maji.

Sasa nimalize na hili la jana. Nimempigia mama. Nikamsomea baadhi ya maswali kwa kumchekesha, la barabara akacheka, la peremende akasema astaghfirullah. Nikafika swali la 58, mbele ya nyumba yenu kulikuwa na nini? Jibu: mshelisheli mkubwa, na nilijificha nyuma yake siku ile polisi walipopita. Hilo jibu barua iliandika kabisa kwamba linakubalika, maelezo ya makazi yako yanaendana. Nililikumbuka sana, mie nauona ule mti mpaka leo, gome lake, na shelisheli zinaanguka usiku puu.

Mama kanyamaza. Halafu anasema, "Mshelisheli? Wa wapi?"

Nikamwambia, mama, si ule wa mbele ya nyumba.

"Mwanangu, ule uling'oka mvua za El Nino, mwaka wa 97. Umeangukia choo cha jirani tukagombana nao mpaka Ramadhani. Mwaka ule wa vurugu pale palikuwa patupu. Ndo tukawa tunaanika karafuu."

Sikuwa na la kusema. Kweli, karafuu haianikwi kivulini. Nimekaa na jamvi lile kichwani miaka yote hii, na mti juu yake, na sikuwahi kuona kwamba haviwezi kukaa pamoja. Sasa nilijificha nyuma ya nini?

"Na hao wazungu," mama anauliza, "walikuwa wanautakia nini huo mti?"

Nikamwambia walikuwa wanataka kujua kama kweli mie ni wa hapo.

"Sasa si wangenipigia simu mie."